Ndege Asiye na Shahidi

Ukitoka Muheza kuelekea Amani, michungwa huisha, barabara huanza kupanda kwa kona nyingi, na hewa hupoa. Huko juu, katika misitu ya Usambara Mashariki inayopakana na mashamba ya chai, yuko ndege mdogo ambaye hata wenyeji wengi wa mkoa wa Tanga hawajapata kusikia akitajwa. Urefu wake ni kama sentimita 11. Mwili ni wa kijivu, kichwani ana rangi ya kahawia yenye wekundu uliofifia, na mdomo wake ni mrefu na mwembamba kuliko unavyotegemea kwa ndege wa kimo kile. Hukaa pale ambapo mti mkubwa umeanguka ukaacha upenyo, jua likaingia, na mimea itambaayo ikapandana na kusokotana hadi ikawa ukuta wa majani. Humo ndani hupitapita akitafuta wadudu. Kumwona ni bahati. Kumsikia ni rahisi zaidi, maana hutoa sauti moja kali, yenye mlio wa kengele ndogo, akairudia na kuirudia mpaka ikajaza upenyo mzima. Wataalamu humwita Artisornis moreaui. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita mshonaji mdomo-mrefu, kwa kuwa aliwahi kuwekwa kundi moja na wale washonaji wa Asia ambao hutoboa majani kwa mdomo na kuyaunganisha kwa utando wa buibui, kisha wakajenga kiota ndani yake.

Jina hilo la kitaalamu ni la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika Amani mwaka 1928 kufanya kazi za ofisi katika kituo cha utafiti wa kilimo, akaishia kuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ndege wa Afrika. Mwaka 1931 W. L. Sclater alimtangaza ndege huyu kwa wanasayansi kuwa ni aina mpya. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo kuonekana kwake kulikuwa nadra mno. Ndani ya muda huo, mwaka 1945, Jali Makawa, mkusanyaji wa ndege kutoka Nyasaland aliyefanya kazi na mtaalamu wa ndege C. W. Benson, alipanda safu ya Njesi kaskazini mwa Msumbiji na kumpata mshonaji yuleyule huko, karibu kilomita 1,000 kutoka Amani, na kati ya sehemu hizo mbili hakuna mwenzao anayejulikana. Baada ya safari hiyo ya Makawa, Njesi ikanyamaza katika vitabu. Vita vya ukombozi vikaja, vikafuatiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakuna mtafiti aliyeandika kwamba amemwona tena huko hadi mwaka 2001. Miaka 56.

Miaka hiyo 56 ndiyo inayonishughulisha. Wanafalsafa wamezoea kubuni dunia za kufikirika ili kupima hoja zao. Mwaka 1903 G. E. Moore aliwataka wasomaji wake wafikirie dunia mbili, moja nzuri sana na nyingine jalala tupu, na katika zote mbili hakuna wala hatakuwapo mtu wa kuziona. Je, si bora ile nzuri iwepo? Mwaka 1973 Richard Routley aliuliza juu ya mtu wa mwisho duniani: ikiwa hakuna binadamu atakayebaki baada yake, je, akiamua kuangamiza kila mti na kila mnyama kabla hajafa, atakuwa hajakosa lolote? Ni maswali mazuri, lakini kila mara mtu anaweza kuyakwepa kwa kusema kwamba dunia hizo hazipo. Njesi ipo. Kwa miaka 56 palikuwa na ndege ambaye kwa ulimwengu wa vitabu, wa sheria, wa bajeti na wa maombi ya kanisani na msikitini, alikuwa sawa na asiyekuwapo. Nauliza: asubuhi zote hizo alizoita na kujibiwa na mwenzake, je, zilikuwa na thamani yoyote? Jibu langu ni ndiyo, na si kwa maana ya kishairi. Nadhani thamani ya kiumbe haianzi siku binadamu anapomtambua, na kwamba anayeikana hoja hii hujikuta akikana mambo mengine ambayo hayuko tayari kuyaachia, yakiwemo yale anayoyakiri katika dini yake.

Tuanze na jibu linalotolewa mara nyingi zaidi siku hizi, nalo ni la faida. Misitu ya Usambara Mashariki ina faida, na si ndogo. Mto Zigi huanzia humo, na maji yake ndiyo yanayonywewa jijini Tanga. Ilipotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997, maji yalikuwa sababu ambayo kila mtu angeweza kuielewa bila kuelimishwa. Siipingi hata kidogo. Ila tusijidanganye kwamba hoja hiyo inamlinda mshonaji. Mshonaji akitoweka leo usiku, kesho mabomba ya Tanga yatatoa maji kama kawaida. Mto hauhitaji ndege huyu. Unahitaji kivuli, mizizi na udongo usiomomonyoka, na hayo yanaweza kutolewa hata na miti iliyoletwa kutoka kwingine, kama ule Maesopsis ambao umekwisha kuenea Amani na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Tena makazi yake, ule msokoto wa mimea itambaayo kwenye upenyo, ndiyo sehemu ya msitu ambayo bwana miti anayefikiria mbao au maji angeifyeka kwanza, akiiona vurugu tu. Ukipima kwa faida pekee, ndege huyu hatokei kwenye mizani.

Wa kulinganisha naye yuko jirani. Katika misitu hiyohiyo, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, huota ua dogo la zambarau liitwalo dughulushi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliwapelekea mimea hiyo watu wa kwao, na leo uzao wake umekaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, umezalishwa kwa rangi na maumbo ambayo milima haikuyajua. Dughulushi limepata bei. Mshonaji hakupata. Haliwi, hafugiki, hapambi dirisha la mtu, wala hakuna dawa iliyotengenezwa kutokana naye. Sasa, kama thamani ni kile ambacho watu wako tayari kukitolea fedha, basi kati ya viumbe hivi viwili vilivyokua chini ya mvua moja, kimoja kina thamani na kingine ni bure kabisa, na tofauti yenyewe haitokani na chochote kilichomo ndani yao bali na ladha ya wanunuzi wa mbali. Lakini hata soko la dughulushi halikulisaidia dughulushi lenyewe la mwituni. Wazungu walikwisha kupata mbegu zao, na lile la kwenye mwamba wa Amani likabaki na hatari zake. Kiswahili kimetupa maneno matatu hapa, nasi hatuna sababu ya kuyachanganya: bei, faida na thamani. Chumvi ina bei ndogo na faida kubwa. Kaburi la mama halina bei wala faida, na asiyeona thamani yake tunamhurumia.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu kuliko yote ni hili: thamani haiwezi kuelea hewani bila mwenye kuthamini. Rangi nyekundu inahitaji jicho, utamu unahitaji ulimi, na vivyo hivyo thamani inahitaji akili inayothamini. Ukiiondoa akili hiyo, utabakiwa na ndege, msitu na mvua. Hutabakiwa na wema wala ubaya. Wapo wanaodhani hoja hii imefunga mjadala. Mimi naona imechanganya mambo mawili: yule anayetambua thamani, na kile kinachothaminiwa. Ni kweli kwamba bila akili hakuna atakayesema, “Huyu ana thamani.” Vivyo hivyo, bila mtu wa kuhesabu hakuna atakayesema kwamba mayai ni mawili, lakini mayai yalikuwa mawili. Tazama pia jinsi tunavyozungumza tunapogundua jambo. Watafiti walipomkuta tena mshonaji wa Njesi mwaka 2001 walifurahi kwa kuwa ndege huyo alikuwa bado yupo, yaani amekuwapo muda wote. Furaha yao iliitazama miaka iliyopita. Kama thamani yake ingezaliwa siku ile ya kumwona, kusingekuwa na maana ya kushukuru kwamba vita havikuumaliza msitu mwaka 1985, maana mwaka huo hapakuwa na kitu cha kupotea. Hakuna anayefikiri hivyo. Tunashukuru kwa ajili ya miaka ambayo hatukuwepo, na shukrani hiyo inadai kwamba kulikuwa na jambo jema linaloendelea bila sisi.

Tena si kweli kwamba katika upenyo ule hapakuwa na yeyote anayejali. Ndege mwenyewe alikuwa anajali. Sisemi kwamba alikuwa na mawazo kama yetu. Sihitaji kusema hivyo. Natosheka na kinachoonekana kwa ndege yeyote: mwewe akipita, ndege mdogo hunyamaza na kujibana, mwenzake asipojibu, huita tena, kinda akifumbua kinywa, mzazi hurudi na mdudu. Kwake kuna yanayofaa na yasiyofaa, kuna asubuhi njema na asubuhi mbaya. Jiwe halina jambo linaloweza kulitokea vibaya. Mshonaji anayo mengi. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba thamani inahitaji mtu wa kuguswa, sharti hilo limetimizwa gizani mle kwenye msokoto wa majani, bila binadamu yeyote kuitwa kushuhudia. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe, na sisi tumezoea kuichukua methali hii kama kauli ya kumkatisha tamaa mnyonge. Isikilize vizuri. Inakiri kwamba kuku ana dua. Inachokikana ni nguvu ya dua hiyo mbele ya mwewe, na mwewe si hakimu wa mwisho wa nani ana dua na nani hana.

Nimegusa dua, na msomaji wa dini atauliza Maandiko yanasemaje. Yanasema zaidi ya tunavyoyaacha yaseme. Katika kitabu cha Mwanzo ndege wanaumbwa siku ya tano, na siku hiyohiyo kazi hiyo inaonwa kuwa njema na ndege wanapewa baraka ya kuongezeka. Binadamu anakuja siku ya sita. Maana yake, kwa mpangilio wa simulizi lenyewe, wema wa ndege ulikwisha kutamkwa kabla hajawapo mtu wa kuwala, kuwafuga au kuwasikiliza. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, mojawapo ya mambo anayomwuliza ni kuhusu mvua inayoinyeshea nchi isiyokaliwa na mtu, hata nyika ikamea majani. Mvua hiyo haina mkulima. Ayubu hajibiwi kwamba yeye ni mdogo tu. Anaonyeshwa kwamba ukarimu wa Muumba una wageni wengine mezani. Kwa upande wa Qurani, Surat al-An‘am, aya ya 38, inawataja wanyama na ndege warukao kwa mbawa zao kuwa ni umma, jamii kama sisi, nao mwisho watakusanywa kwa Mola wao. Na Surat al-Isra, aya ya 44, inafundisha kwamba hakuna kitu kisichomsabihi Mungu, ila binadamu hatufahamu tasbihi zao. Ukiiamini aya hii, basi ule mlio wa kengele ndogo katika msitu wa Njesi haukuwa kelele zilizomsubiri mtafiti azipe maana. Ulikuwa ibada inayoendelea katika lugha tusiyoijua, na kutojua kwetu kumetajwa ndani ya aya kama upungufu wetu sisi.

Hapa mtu makini atanikamata. Atasema: umekimbia kutoka kwa shahidi mdogo ukaenda kwa Shahidi mkubwa. Thamani ya ndege sasa inategemea jicho la Mungu badala ya jicho la mtu, kwa hiyo bado hakuna thamani bila mwenye kuthamini, na asiyeamini Mungu hana sababu ya kukufuata. Ni pingamizi la haki. Nalijibu kwa kurudi kwenye kitenzi cha Mwanzo. Simulizi linasema Mungu aliona kuwa ni vyema. Kuona hukuta kilichopo. Lingeweza kusema aliamuru viwe vyema, au alivihesabu kuwa vyema kwa hisani, kama mfalme anavyompa mtu cheo, lakini halikusema hivyo. Mwamini anaweza kukiri kwamba ndege amepata kuwapo kwake na wema wake wote kutoka kwa Muumba, na papo hapo akakiri kwamba wema huo sasa ni wa ndege kweli, umo ndani yake, kama uhai wake ulivyo uhai wake ingawa ni wa kupewa. Asiyeamini hatafika kwenye chanzo hicho, lakini tunaweza kukutana naye mahali hapo pa kati: kiumbe huyu ana wema wake mwenyewe. Tutaachana tunapouliza umetoka wapi.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya dini zenyewe. Je, Qurani haisemi katika Surat al-Baqara, aya ya 29, kwamba vyote vilivyomo ardhini vimeumbwa kwa ajili yenu? Je, Mwanzo haimpi Adamu mamlaka juu ya ndege wa angani? Ndiyo. Lakini “kwa ajili yako” si sawa na “kwa ajili yako peke yako”. Baba akijenga nyumba akawaambia watoto wote ni yenu, mkubwa hawezi kumfukuza mdogo kwa hoja kwamba aliambiwa ni yake. Na Surat ar-Rahman, aya ya 10, inasema ardhi imewekwa kwa ajili ya al-anam, neno ambalo wafasiri wengine wamelichukua kuwa ni viumbe hai wote. Jambo hili lilijadiliwa kwa kina huko Basra katika karne ya 10, pale kundi la wanazuoni waliojiita Ikhwan as-Safa walipoandika risala ndefu ambamo wanyama wanawashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini. Binadamu wanaleta hoja moja baada ya nyingine kuthibitisha kwamba wanyama ni watumwa wao: umbo letu ni zuri, akili zetu ni kali, tuna miji na elimu. Wanyama wanazipangua zote, na ndege wana wasemaji wao hodari. Mwisho binadamu wanashinda, na wapo wanaosoma mwisho huo kama ushindi wa wenye nguvu. Nausoma vingine. Hoja inayowaokoa binadamu ni kwamba wao watafufuliwa na kuhesabiwa, na kwamba miongoni mwao wapo mawalii. Wanashinda kwa sababu wataulizwa. Ukubwa wa namna hiyo humwekea mwenye nao mzigo, haumpi ruhusa ya kufyeka.

Wengine watakubali yote hayo kwa ndege kwa jumla, ila watauliza kwa nini huyu. Usambara imejaa ndege. Yupo hata ndugu yake wa karibu, mshonaji mwingine wa jenasi hiyohiyo, ambaye ameenea katika misitu mingi ya milima ya Tanzania. Mdogo mmoja wa kijivu akipotea na mwingine anayefanana naye akabaki, hasara iko wapi? Mwanateolojia Thomas Aquinas alilikabili swali la jumla la namna hii katika karne ya 13: kwa nini Mungu aumbe viumbe wa aina nyingi, badala ya kuumba ile iliyo bora na kuirudia? Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna kiumbe kimoja kinachoweza kuuonyesha wema wa Mungu kwa ukamilifu, ndiyo maana anachokikosa mmoja hukikamilisha mwingine. Mtu asiyependa lugha ya kanisa anaweza kulipata jambo hilohilo kwa kutazama mdomo wa ndege wetu. Ule urefu, wembamba na mkao wake ni njia ya kuishi kwenye ukuta wa majani ambayo ndugu yake hana. Imechongwa kwa vizazi visivyohesabika katika milima ambayo imeshika unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka wakati nyanda za chini zilikuwa zikikauka. Kilomita karibu 1,000 zilizo kati ya Amani na Njesi huenda ndizo kovu la msitu uliowahi kuwafikia mababu wa pande zote mbili. Hakuna fundi atakayeirudisha njia hiyo ikishafutika. Anayesema atabaki na mwingine anayefanana naye anasema kama mtu aliyepotelewa na lugha ya bibi yake akafarijiwa kwamba zipo nyingine za Kibantu.

Kuhusu wanaosema kwamba viumbe wengi wamekwisha kutoweka kabla ya binadamu, na kwa hiyo kutoweka ni jambo la kawaida, sitakaa sana. Watu wote hufa, na hakuna mahakama iliyowahi kumwachia muuaji kwa hoja hiyo.

Pingamizi linaloniumiza ni la mkulima wa iliki. Katika eneo la Derema, kati ya vipande vya msitu wa Usambara Mashariki, watu walikuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Iliki ilikuwa fedha ya ada za shule, ya hospitali, ya bati la nyumba. Ikaamuliwa kwamba eneo lile liwe ushoroba wa kuunganisha msitu, ili viumbe wasifungiwe kwenye visiwa vidogo vidogo. Kilimo kikasimamishwa, fidia ikaahidiwa, na manung’uniko juu ya fidia hiyo yakadumu kwa miaka. Mkulima ana haki ya kuuliza: mnaniambia kijindege ambacho sijawahi kukiona kina thamani chenyewe, mimi je? Swali hili halijibiwi kwa kumsomea aya. Kwanza ni lazima tukiri kwamba kusema kiumbe ana thamani yake si kusema thamani hiyo inashinda kila kitu. Mtoto akiwa hatarini kulala njaa, simwombi mama yake ampime dhidi ya ndege. Lakini hapakuwa na haja ya kuwapima hivyo. Aliyewapambanisha ndege na mtoto ni yule aliyeamua kwamba gharama ya wema wa wote ilipwe na maskini wa mlimani peke yake, huku wanaokunywa maji ya Zigi, wanaonunua chai, na sisi tunaofurahia kusoma habari za viumbe adimu hatuchangii chochote. Na hapo ndipo ninaposema kwamba anayeamini thamani ya ndege ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuidai fidia ya mkulima, kamili na kwa wakati. Imani hiyohiyo, kwamba kiumbe hathaminiwi kwa faida anayomletea mwenye nguvu, ndiyo inayomlinda mtu asiye na cheo wala kura nyingi. Ukiivunja kwa ndege kwa sababu hana manufaa, umeshika shoka ambalo kesho litamfikia mzee asiyeweza kulima.

Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wana msamiati wa jambo hili, na mwanahistoria Steven Feierman aliueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Walitofautisha kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alihukumiwa kwa hilo: mvua ikinyesha na njaa ikikaa mbali, nchi imeponywa, watu wakisambaratika na chakula kikikosekana, nchi imeharibiwa, na hapo nguvu zake ziligeuka kuwa tuhuma. Sitaki kudai kwamba wazee walikuwa wakimfikiria mshonaji walipotumia maneno hayo. Walikuwa wakifikiria migomba, mvua na amani ya watu. Lakini ndani ya maneno hayo nchi ni kitu kinachoweza kuumwa na kupona. Haisemwi kuwa imepungua bei. Mtu aliyekwisha kukubali kwamba nchi yaweza kuumwa hana safari ndefu kumfikia ndege aliye ndani yake.

Limebaki neno moja la kusahihishwa katika hoja yangu mwenyewe. Nimesema kwa miaka 56 Njesi haikuwa na shahidi. Si kweli kabisa. Wapo watu waliopita chini ya mlima ule, Wayao na wengine, wakikata kuni, wakitafuta asali, wakikimbia vita, na bila shaka wapo walioisikia sauti ile ya kengele. Makawa mwenyewe alikuwa na sikio la kuitofautisha na nyingine. Ndege mmoja wa Zambia aliyepewa jina lake anajulikana hadi leo kwa sampuli moja tu, ya mwaka 1964, na bila macho yake tusingekuwa hata na hiyo. “Asiyejulikana” mara nyingi ni “asiyeandikwa”. Lakini ongeza mashahidi hao wote, na bado zinabaki asubuhi nyingi kuliko watu: asubuhi za ukungu wa Juni, mlima mtupu, risasi ziko mbali au ziko karibu, upenyo mmoja wenye mimea iliyosokotana, ndege wa sentimita 11 anaita mara moja, anasubiri, anaita tena, na kutoka upande wa pili wa majani anajibiwa.